Akiharisha mgonjwa wa kiharusi, usikimbilie dawa ya kufunga tumbo

Hapa Lamu, nikiingia nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi, au kijana aliyeanguka mnazi akaumia ubongo, swali la kwanza ni la mkono uliopooza: nguvu zake zitarudi lini? La tumbo naambiwa mlangoni nikiaga, tena kwa kunong'ona. “Mwanangu, yuwaharisha siku ya tatu. Nimempa kidonge cha kufunga.”

Kidonge hicho ndicho kinachonitia hofu.

Ubongo ukiumia, kumeza huharibika. Uji hupotea njia ukaingia mapafuni, mgonjwa akapata nimonia, akaandikiwa antibiotiki. Dawa ni ya lazima, lakini haichagui: inaua na bakteria wema wa utumbo. Hapo bakteria mbaya aitwaye Klostridioidesi difisile hupata uwanja, ikatoa sumu inayochubua utumbo mpana. Huweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, ndiyo maana watu hawaunganishi mambo haya mawili. Ukilifunga tumbo, sumu hubaki ndani.

Na jeli ya mikono iliyowekwa kando ya kitanda? Mbegu za bakteria huyu haziuawi na spiriti iliyomo kwenye jeli. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue hadi katikati ya vidole. Choo na reli za kitanda zipanguse kwa klorini.

Anayelishwa kwa mpira wa puani ana hatari nyingine. Uji wa alfajiri, kwenye joto la kaskazi, adhuhuri umeshachacha hata kama hunusi kitu. Pika kidogo kidogo, na maji ya kusafishia mpira yachemshwe.

Si kila majimaji ni kuharisha, lakini. Mgonjwa wa kulala tu hufunga choo, kikawa kigumu kama jiwe, majimaji yakapenya pembeni. Huyo naye akipewa kidonge cha kufunga, amefungwa mara mbili.

Dafu tunalipenda, ila chumvi yake ni haba. Halishiki nafasi ya chumvi za pakiti za kurudisha maji mwilini. Asiyemeza vizuri asinyweshwe lolote kwa haraka.

Ukiona damu, homa, tumbo kujaa au mgonjwa kusinzia kupita kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Chukua na maganda ya dawa zote alizotumia miezi mitatu iliyopita, hata za kupunguza asidi ya tumbo, maana nazo huongeza hatari.