Kiurdu husomwa kwa sikio kwanza

Wazazi wengi wanaoniletea watoto niwafundishe Kiurdu hapa Birmingham, Uingereza, hunianza kwa maneno yaleyale: "Ustad ji, huyu ameshakhitimu msahafu, Kiurdu hakitamsumbua." Herufi nyingi anazijua, kweli, maana Kiurdu huandikwa kwa herufi za Kiarabu. Halafu namwekea aya moja ya gazeti la Kiurdu, na mtoto aliyesoma juzuu zote thelathini anabaki kuikodolea macho.

Kinachomkwamisha ni irabu. Kwenye msahafu ana fataha, kasiri na dhuma za kumwongoza. Kiurdu cha kila siku hakiandiki irabu fupi. Alifu ikifuatwa na sini (اس) ni "is" au "us", yaani huyu au yule, na hakuna alama ya kukuonyesha ni ipi. Utajua kwa sentensi. Anayekisikia Kiurdu nyumbani hulikamata neno kabla jicho halijamaliza kulipitia. Asiyekisikia hana pa kushika. Wazee wa pwani walioandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangenielewa mara moja: kasiri ilisomwa i au e, dhuma u au o, na msomaji aliamua kwa kuwa lugha ilikuwa yake.

Mwandiko nao una mambo yake. Msahafu huandikwa kwa naskhi, herufi zimetulia mstarini. Kiurdu kinapenda nastaliki: neno huanzia juu kulia, likateremka kushoto, herufi zimepandana na nukta zimejibanza popote palipo na nafasi. Na nukta si ya kuchezea. Ukiiongezea "dua" nukta moja juu ya aini, umeandika "dagha", hadaa. Mwandiko huu ulivyokuwa mgumu kupanga chapani, magazeti ya Pakistan yaliandikwa kwa mkono na makatibu mpaka Mirza Ahmad Jamil alipotoa Noori Nastaliq, fonti ya kompyuta, mwaka 1981.

Ila mwandiko mtoto huuzoea. Tatizo kubwa ni kwamba wengi wa wanafunzi wangu Kiurdu si lugha ya mama yao. Asili yao ni Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla, lililokamilika 1967, uliwahamisha watu zaidi ya 100,000, na baadhi yao wakaja Uingereza. Nyumbani wanasema Kipahari, shuleni Kiingereza. Kiurdu ni lugha ya tatu, ya wageni rasmi, televisheni na hotuba. Hilo halinishangazi. Mimi ni Mpunjabi wa Nairobi, uzao wa waliokuja na reli: nyumbani tulisema Kipunjabi, mtaani Kiswahili, na barua za Lahore tuliandika kwa Kiurdu. Sisi tumezoea kusema lugha moja na kuandika nyingine.

Kwa hiyo sianzi na kijitabu cha alifu, bee, tee. Naanza na kisa kifupi cha kusimulia. Watoto wanakirudia kwa midomo yao, wanakibishania, wanakiigiza. Siku kinapowakaa vizuri, ndipo nakiandika ubaoni, na wanasoma kitu ambacho tayari kimo masikioni. Baadaye inakuja imla, na hapo kilio ni herufi za z. Kiurdu kina nne, zote hutamkwa sawasawa: zindagi kwa zee, zara kwa dhali, zaroor kwa dhadi, zalim kwa dhaa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Akikumbuka dharura na dhalimu, walau anajua kwamba si zee. Mtoto wa Birmingham inabidi akariri tu.

Walimu wenzangu wanakilaani Kiurdu cha herufi za Kirumi kinachoandikwa WhatsApp. Mimi sioni ubaya wake. Kijana anayemwandikia binamu yake "kia haal hai", yaani u hali gani, tayari ana lugha, amebakiza herufi. Namwambia achague ujumbe wake mmoja, auandike upya kwa nastaliki. Anabishana nami kuhusu tahajia ya maneno yake mwenyewe, na mabishano hayo yana faida kuliko ukurasa mzima wa mazoezi.

Wengine hunijia kwa ajili ya GCSE ya Kiurdu, mtihani wa shule wanaoufanya vijana wa hapa wakifika miaka kumi na sita. Wazazi wanataka nimkazanie mtoto kuandika. Nawakumbusha kwamba mtihani una kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na kila sehemu ni robo ya alama. Nusu yote ni sikio na mdomo, na hiyo siwezi kuimaliza kwa saa mbili za Jumamosi. Bibi yuko sebuleni, na simu ya mtoto ina kibodi ya Kiurdu. Bibi amtajie vitu vya dukani, mtoto aviandike kwa Kiurdu, na baba aliye dukani ndiye ajaribu kusoma.