Je, Wajua kwa Nini Jarida Moja Hupata Majina Matatu Katika Orodha ya Marejeleo?

Mwandishi wa makala ya kisayansi anapoiamuru programu ya marejeleo impangie orodha ya vyanzo, mara nyingi hukuta jambo linalomkera: jarida lile lile limeandikwa "Journal of Biological Chemistry" katika mstari wa 3, "J. Biol. Chem." katika mstari wa 9, na "J Biol Chem" bila nukta hata moja katika mstari wa 20. Programu ni moja, mtindo uliochaguliwa ni mmoja, na jarida ni moja. Tofauti hiyo imetoka wapi?

Imetoka katika rekodi zenyewe, yaani maelezo ya kila chanzo yaliyohifadhiwa ndani ya programu. Wengi wetu hudhani kwamba programu hulisoma jina refu, ikalielewa, kisha ikalikata. Sivyo ilivyo. Programu haina ujuzi wa kufupisha. Inategemea kile ilichoandikiwa ndani ya rekodi, au orodha iliyopewa inayoonyesha kwamba jina fulani refu lina kifupisho fulani. Kisipokuwapo cha kutegemea, huliacha jina kama lilivyo, wala haitoi onyo lolote.

Kukata tu mkia wa kila neno pia kusingefaa, kwa sababu vifupisho hivi vina kanuni zake. Kanuni inayofuatwa zaidi ni ISO 4 ya Shirika la Kimataifa la Viwango, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na orodha ya maneno yake hutunzwa na Kituo cha Kimataifa cha ISSN (namba za utambulisho wa majarida) kilichoko Paris. Kwa kanuni hiyo, maneno madogo kama "the", "of" na "and" huondolewa, "Journal" hubaki herufi J peke yake, na "National" huwa "Natl.", kifupisho ambacho hakuna mtu angekipata kwa kukata mkia. Jina lenye neno moja halifupishwi kamwe. Ndiyo maana "Nature" hubaki "Nature", ilhali "Nature Medicine" huwa "Nat. Med.": neno lile lile limeachwa zima mahali pamoja na kukatwa mahali pengine. "The Lancet" nalo hupoteza "The", likabaki neno moja, na hapo hukoma.

Pamoja na hayo kuna desturi mbili za nukta. Wanakemia na wanafizikia wamezoea kuziweka, lakini MEDLINE, hazina ya marejeleo ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huandika vifupisho bila nukta. Kwa hiyo rekodi iliyopakuliwa kutoka PubMed, tovuti ya maktaba hiyo ya kutafutia makala, huja na "J Biol Chem", na iliyopakuliwa kwenye tovuti ya mchapishaji huenda ikaja na nukta zote, au ikaja na jina refu tu. Mwandishi aliyekusanya vyanzo kwa miaka 2 kutoka sehemu 5 tofauti amekwisha kuchanganya desturi zote katika maktaba yake kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Kila programu ina njia yake ya kulishughulikia jambo hili. EndNote hutumia orodha ya majarida yenye safu moja ya jina refu na safu tatu za vifupisho, na mtindo wa uandishi ndio unaoamua ni safu ipi itolewe. Lazima jina lililo katika rekodi lilingane na lile la orodha; ukiwa umeandika "The Journal of Biological Chemistry" na orodha haina "The", au umeweka alama ya "&" mahali pa "and", halitambuliwi. Tena, EndNote huongeza yenyewe kila jina jipya linaloingia katika maktaba, hivyo orodha hujaa majina yasiyo na kifupisho. Dawa yake ni kufuta majina hayo kwanza, ndipo uingize orodha kamili ya fani yako inayokuja pamoja na programu.

Zotero huweka kifupisho katika sehemu yake maalumu ndani ya kila rekodi. Hata hivyo, katika mapendeleo ya hati kuna kisanduku cha kuchagua vifupisho vya MEDLINE, na kisanduku hicho kikitiwa alama, ulichoandika katika sehemu ile hakisomwi tena. Nimeona watu wakisahihisha kifupisho kimoja mara nne bila orodha kubadilika, kumbe tatizo lilikuwa alama hiyo moja. JabRef, inayotumiwa na waandishi wa LaTeX (mfumo wa kupanga hati za kisayansi), ina amri ya kufupisha majina yote kwa pamoja, yenye nukta au bila nukta, na nyingine ya kuyarudisha katika urefu wake.

Kuhusu nukta, nashauri kwa mkazo: hifadhi vifupisho pamoja na nukta zake. Mitindo ya CSL (lugha ya kuandikia kanuni za mitindo ya marejeleo) ambayo Zotero huitumia ina uwezo wa kuziondoa jarida linapotaka hivyo, lakini haina uwezo wa kuzirudisha mahali ambapo hazikuwapo.

Lililo zito zaidi ni kutoandika kifupisho mahali pa jina refu, hata kama jarida unalolilenga leo linataka vifupisho tu. Kutoka jina refu kwenda kifupisho kuna njia. Kurudi, wakati mwingine hakuna. Chukua "Ann. Phys.". Hiyo yaweza kuwa "Annals of Physics" la Kiingereza, "Annalen der Physik" la Kijerumani, au "Annales de Physique" la Kifaransa, na ndiyo sababu baadhi ya waandishi huongeza jina la mji katika mabano ili kuyatofautisha. Rekodi iliyobaki na "Ann. Phys." pekee haiwezi kuiambia programu ni lipi kati ya hayo matatu, na makala ikihamishiwa jarida linalodai majina marefu, mwandishi atalazimika kuifungua kila rekodi ya namna hiyo na kukitafuta chanzo chake upya.