Je, wajua kwa nini kumchelewesha mtoto ngano hakumkingi na ugonjwa wa seliaki?

Mama akikanda unga wa chapati pale Ngamiani, Tanga, hebu omba donge moja ulivute. Linarefuka bila kukatika. Unga wa mahindi hauwezi hivyo, unabomoka kiganjani. Kinachovutika pale ni protini iitwayo gluteni. Imo kwenye ngano na shayiri. Haimo kwenye mahindi, mchele, mtama, ulezi wala muhogo. Ndiyo kusema kitumbua hakina, ila andazi linayo.

Wengi wetu tunaila bila shida yoyote. Kwa wachache, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na anayeumia ni utumbo mdogo. Ndani yake kuna vinyuzi vifupi mfano wa manyoya ya taulo, vinavyofyonza chakula. Vikichakaa, mtoto anakula lakini hanenepi, tumbo linajaa, anaharisha, damu inapungua. Huo ndio ugonjwa wa seliaki. Daktari Mholanzi, Willem-Karel Dicke, alishaishuku ngano kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Njaa ya 1944 hadi 1945 ilipoufanya mkate uadimike Uholanzi, watoto wagonjwa walipata nafuu; mkate uliporudi, wakazidiwa tena.

Sasa, mtoto katimiza miezi 6. Bibi anataka kumlowekea kipande cha mkate kwenye maziwa, mama anasema, "Tungoje kwanza bibi, afikishe mwaka." Nani yuko sahihi?

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini siri iko kwenye wakati, na kwamba gluteni ikianza mtoto akiwa bado ananyonya atakingika. Mwaka 2014 majibu ya tafiti mbili kubwa yakatoka. Ule wa Italia ulifuata watoto wenye ndugu wa karibu mwenye seliaki: kundi moja lilianza ngano kwenye miezi 6, jingine kwenye miezi 12. Kati ya waliokuwa na vinasaba vya ugonjwa huo, walipofika miaka 2 walikuwa wameugua asilimia 12 ya walioanza mapema, na asilimia 5 ya waliongoja; hapo kungoja kulionekana kuna faida. Walipofika miaka 5, makundi yote mawili yalikuwa kwenye asilimia 16. Ngano ilichelewa, ugonjwa nao ukachelewa, basi. Kunyonya nako hakukubadilisha hesabu hiyo katika utafiti wowote kati ya hizo tafiti mbili.

Kinachotangulia ni vinasaba anavyozaliwa navyo mtoto, hasa viwili viitwavyo DQ2 na DQ8, ingawa wengi wanavyo na hawaugui kamwe. Kwa hiyo mama aliyemwonjesha mtoto ngano mapema au aliyechelewa asibebeshwe lawama. Nasema hivi kwa sababu kwetu mtoto akidhoofu, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama yake. Ziwa aendelee kulitoa, miezi 6 ya mwanzo bila kingine, kwani linamkinga mtoto na kuharisha na nimonia.

Bibi, basi, hana kosa. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2016 walisema gluteni inaweza kuanza wakati wowote kati ya miezi 4 na 12, mradi isiwe nyingi mwanzoni. Huyu wetu katimiza 6 tayari, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha.

Ukimshuku mtoto wako kuwa na seliaki, usimkatize ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta askari wa kinga ambao mwili unawatoa gluteni inapouchokoza. Akiacha kuila, askari hao hupungua, na kipimo kinaweza kusema yu mzima ilhali anaumwa.