Muziki Ngome Kongwe: simama wapi usikie vizuri

Wageni wengi wanaokuja Ngome Kongwe, Unguja, usiku wa tamasha hukimbilia mbele ya jukwaa. Mimi ni fundi wa sauti, na ushauri wangu ni huu: fika jua halijazama, ua ungali mtupu, usimame katikati upige kofi moja kali. Ukuta utakujibu. Jibu hilo ndilo tunalopambana nalo usiku kucha.

Ngome hii waliijenga Waomani baada ya kuwang'oa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumiwa na reli ya Bububu. Aliyezipandisha kuta zile hakuwa na habari ya muziki. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, ndefu, zimenyooka; na ukuta uliojengwa kumrudisha adui hurudisha na sauti.

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ikikupita, ikagonga ukuta ulio mita 10 nyuma yako na kurudi, imeongeza mwendo wa mita 20, kwa hiyo inakufikia imechelewa karibu milisekunde 60 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Sikio huzichukua sauti mbili zinazofuatana upesi kama sauti moja. Zikiachana kwa milisekunde 50 au zaidi, hasa sauti kali za ghafla, huanza kusikika mbili. Ndiyo maana kuna sehemu za ua ambapo ngoma hupigwa mara moja ukaisikia mara mbili, na maneno ya mwimbaji yakapandana.

Kuongeza sauti si dawa, maana ukuta nao utaongeza. Tunachofanya ni kuziinamisha spika ziwatazame watu badala ya mawe, kwa sababu miili na nguo hunywa sauti. Ua uliojaa saa tatu usiku si ua ule tuliopimia sauti alasiri, na fundi mzuri hubadilisha mipangilio yake nyimbo mbili tatu za mwanzo. Mvumilie.

Wewe simama karibu na meza ya fundi, au mbele yake kidogo, kwa kuwa muziki wote unapimwa kwa masikio yaliyo pale. Usiegemee ukuta: besi hujikusanya hapo, utabaki unasikia mngurumo tu. Taarabu ikipigwa kwenye ukumbi wa ngazi uliojengwa humo ngomeni miaka ya 1990, kakae huko. Umekaa juu kidogo, kichwa cha aliye mbele hakikuzibi, na fidla inakufikia moja kwa moja.

Kitu kingine ni hewa. Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, kwa desturi huwa Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Mvua huwa si tishio kubwa, lakini bahari iko ng'ambo ya bustani ya Forodhani tu. Chumvi huota kwenye plagi. Tusipozifuta, waya huanza kukwaruza katikati ya wimbo. Unyevu nao hulegeza ngozi za ngoma na kuvuruga nyuzi. Kanuni, ile ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, na moja ikilegea zile tatu zinagombana. Mpigaji akiinama na ufunguo wake, anakaza, anasikiliza, anakaza tena, usianze kupiga miluzi. Anakufanyia kazi wewe.

Kuta zenyewe hatuzitoboi wala kuzipigilia misumari. Vyuma vya taa na spika husimama kwa uzito wake. Beit el Ajaib, jumba la kale lililo jirani kabisa na Ngome, ilibomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na mimi naumia kila nikipita pale. Chokaa ya zamani inahitaji kupumua na kutunzwa na mafundi wanaoijua. Kuiziba kwa saruji ni kufungia unyevu ndani ya jiwe.

Ukija na watoto, wakalishe mbali na spika, hasa zile kubwa za chini, na uwaletee vizibo vya masikio. Na nguo za mikono mirefu: huu ni Mji Mkongwe, na usiku upepo wa baharini unaingia.