Kufunga rangi kwa mvuke ni nini hasa

Mwulize mtu anayepaka rangi skafu za hariri hapa Arusha au Moshi kama rangi yake haichuji, na mara nyingi atakujibu, "Haichuji, imefungwa kwa mvuke." Ukimdodosa kidogo, utakuta mmoja aliitumbukiza kwenye maji yanayochemka, mwingine aliipitishia pasi, wa tatu aliilowesha kwenye siki akaianika juani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetumia mvuke.

Maana yenyewe ni fupi. Hariri iliyokwisha kupakwa rangi na kukauka huviringishwa ndani ya karatasi isiyo na wino, ikaning'inizwa au kuinuliwa juu ya maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa vizuri, na kuachwa hapo saa moja hivi mpaka rangi ishikane na nyuzi. Basi.

Kinachopotoshwa ni kazi ya huo mvuke. Wengi hudhani ni joto tu, na kama ingekuwa hivyo pasi ingetosha. Hariri ni protini. Nyuzi zake zikiwa kavu huwa zimebana, na rangi hubaki imelala juu. Zinahitaji unyevu ili zivimbe kidogo na kuipitisha rangi ndani, na zinahitaji moto wa kutosha kwa muda mrefu ili rangi hiyo ikae. Mvuke huleta vyote viwili kwa pamoja. Unapogusa kitambaa kilicho baridi hugeuka maji, na katika kugeuka huko huachia joto jingi mno: kilo moja ya mvuke hutoa kilojuli karibu 2,260, wakati kilo moja ya maji ya moto ikipoa kwa nyuzijoto 10 hutoa 42 tu. Ndiyo maana mvuke wa sufuria ya wali ukikupiga mkononi unababuka papo hapo, ilhali hewa kavu ya oveni yenye moto mkali zaidi unaivumilia kidogo.

Lakini unyevu huo ni mdogo sana, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Unatosha kuilainisha nyuzi, hautoshi kuisafirisha rangi kutoka ua jekundu kwenda kwenye jani la kijani. Ukiitumbukiza skafu hiyo hiyo kwenye maji, rangi itatembea kabla haijashika. Kuchemsha ni njia halali kabisa kwa kitambaa cha rangi moja, ambacho rangi yake iko ndani ya maji yenyewe. Kwa mchoro wa mkono, hapana.

Kwa sababu hiyo hiyo, tone moja la maji ni adui. Mvuke ukipanda hugonga mfuniko, hupoa na kudondoka, na kila tone huacha doa lenye ukingo ambalo halitoki tena. Funga mfuniko kwa taulo, weka foili juu ya furushi kama paa, na hakikisha furushi haligusi maji wala ukuta wa sufuria. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula.

Siki nayo imebebeshwa sifa isiyo yake. Rangi za asidi, zile zinazotumika sana kwa hariri, hutaka mazingira yenye uchachu: uchachu huipa protini chaji chanya, rangi yenye chaji hasi ikavutika kwake. Siki hufungua mlango, lakini bila moto rangi haiingii ndani ikakaa. Na kwa fundi wa batiki aliyezoea pamba na kostiki soda, namwomba sana aiweke mbali na hariri, hasa ikiwa ya moto. Inakula protini. Utabaki na kitambaa kilichodhoofu kinachochanika mkononi.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelekezo ya kwenye kopo la rangi hayalitaji, maana mengi yameandikwa kana kwamba sote tunaishi usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Moshi iko chini zaidi, wao wanapata kama 97. Mvuke wetu una moto pungufu kuliko wa Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo saa moja ya kwenye kopo tuiongezee robo saa au nusu, tukianza kuhesabu pale mvuke unapotoka kwa nguvu, si pale tunapowasha jiko. Na maji ya chini yasikauke katikati ya kazi.

Zipo pia rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya pasi. Zina gundi inayozishikiza juu ya kitambaa, na hariri huwa ngumu kidogo mkononi. Si rangi mbaya, na anayezitumia hana cha kuonea haya. Dada yangu unayeuza za namna hiyo, mwambie mteja imefungwa kwa pasi, aioshe taratibu kwa maji baridi. Neno mvuke waachie waliokaa jikoni saa nzima wakilinda matone.