Asteroidi Haingojwi Mlangoni: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Mombasa

Tunaendelea kupokea maswali kuhusu Apophis, asteroidi (jiwe la angani linalozunguka jua) itakayopita karibu na dunia, mengi yakitokana na sauti zinazosambazwa kwenye WhatsApp kwamba bahari itafurika hadi Makupa. Haitafurika. Asteroidi hiyo itapita takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia, karibu saa saba kasorobo usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 14 Aprili 2029, na vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa hatari ya kugongana nayo kwa angalau miaka 100.

Swali jingine, ambalo tumelijibu mara nyingi kuliko tunavyopenda, ni kwa nini asteroidi isilipuliwe tu kwa bomu. Ikilipuliwa dakika za mwisho, jiwe moja laweza kuwa mawe mengi yanayokuja kwetu kwa njia ile ile. Kinachotakiwa ni kuisukuma kidogo, miaka mingi kabla, kama vile nahodha anayeingia Kilindini anavyogeuza meli angali mbali na mwamba. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART kiliigonga Dimorphos, asteroidi ndogo yenye upana wa mita 160 hivi inayoizunguka nyingine kubwa zaidi, kwa kasi ya takriban kilomita 6 kwa sekunde, na mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa.

Kuhusu utaratibu, mtandao wa kimataifa wa tahadhari hutoa ilani iwapo asteroidi inazidi mita 10 na uwezekano wa kugonga umepita asilimia 1. Mipango ya kutuma chombo huanza ikiwa inazidi mita 50 na tarehe inayohofiwa imo ndani ya miaka 50. Maandalizi ya hapa duniani hupendekezwa uwezekano ukizidi asilimia 10, kwa asteroidi inayozidi mita 20, ndani ya miaka 20. Asteroidi 2024 YR4 ilivuka kigezo cha kwanza Januari 2025, ikafika asilimia 3.1 Februari, kisha hatari kwa dunia ikaondoka vipimo vilipoongezeka. Kupanda huko kwa uwezekano hakukuwa siri iliyovuja, kama ilivyodaiwa. Ndivyo hesabu hizi zinavyokwenda.

Ndogo zaidi huweza kutufikia bila kuonekana. Ile ya Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013, ilikuwa na mita 20 hivi, na wengi wa watu takriban 1,500 walioumia walikatwa na vioo, baadhi yao wakiwa wamekimbilia madirishani kutazama. Ukiona mwanga mkali angani, ondoka dirishani mara moja na usirudi kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kishindo huja nyuma ya mwanga.