Mau: "wavamizi" ni akina nani hasa?

Habari ikitoka Mau, msitu mkubwa wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kichwa ni kile kile: "Wavamizi watimuliwa msituni." Mwandishi akiuliza wavamizi hao ni akina nani, anaambiwa ameacha uandishi, siku hizi ni mwanaharakati. Nimechoka kulijibu hili.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa hukumu kuhusu Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu huo, waliopewa notisi ya siku 30 wahame mwaka 2009. Kenya ilishindwa. Sehemu ambayo wenzangu hawaisomi ni hii: majaji walisema serikali haikuthibitisha kwamba kuwepo kwa Waogiek ndiko kunakoumaliza msitu. Kilichotajwa ni makundi mengine kuingia, serikali yenyewe kumega msitu ili igawe makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa ovyo. Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 pamoja na hati ya ardhi ya jamii nzima. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, Narok.

Kwa hiyo ukifika eneo la bomoabomoa, tenganisha watu. Yupo Mwogiek ambaye babu zake walitundika mizinga pale kabla ya msitu kutangazwa wa serikali. Yupo aliyegawiwa kipande wakati wa kumega, ana hati mkononi. Yupo aliyenunua kwa huyo wa pili, na yupo aliyejiingilia tu. Kila mmoja ana hoja yake kisheria. Na mambo hayakai safi hivyo: wapo Waogiek waliouza vipande vyao, wapo wanaolima mahindi na kufuga. Ukimchora Mwogiek kama mrina asali tu, siku akionekana na ng'ombe msomaji atadhani umemdanganya, na atakuwa na haki.

"Lakini sote Waafrika ni wenyeji!" Ndiyo, bwana. Lakini mahakama ilipowatambua Waogiek kuwa wenyeji haikupima nani Mwafrika. Iliangalia nani alilitumia eneo lile kwanza, utamaduni wanaouendeleza kwa hiari, wanavyojitambua na kutambuliwa na wengine, na kutengwa kwao. Kufika kwanza ni kigezo kimoja kati ya vinne.

Sheria ya ndani nayo inakwaruzana. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinahesabu ardhi ya mababu ya wawindaji na waokota matunda kuwa ardhi ya jamii. Cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma, isipokuwa misitu ya jamii, ile iliyotajwa katika aya ndogo ya (i) ya kifungu hicho cha 63. Wawindaji wako aya ndogo ya (ii): je, wamo katika "isipokuwa" hiyo au hawamo? Wanasheria wazuri wanavutana hapo, kwa hiyo ukiandika "Katiba iko wazi", upande wowote, umeandika uongo.

Sasa picha za setilaiti, kinachonikera kuliko vyote. Mtu anaweka picha mbili, ya kijani na ya kahawia, anatangaza maangamizi. Tazama tarehe! Februari ukame, Mei mvua. Linganisha mwezi ule ule, miaka tofauti, zisizo na mawingu. Setilaiti za Landsat zina picha tangu 1972, lakini kwa zile za kawaida za siku hizi nukta moja ya picha (pikseli) ni mita 30 kwa 30 ardhini: nyumba ya udongo haionekani, sembuse mzinga. Setilaiti za Sentinel-2 ni mita 10, ila picha zake zinaanzia 2015. Kisha kuna mtego wa misipresi. Shamba la miti ya kupandwa likivunwa kwa kibali, kutoka angani linafanana na msitu wa asili uliofyekwa. Na chai ni kijani mwaka mzima, kwa hiyo msitu uliogeuzwa chai unaweza kuonekana "umepona". Pata kwanza ramani ya mashamba ya miti, uiweke juu ya picha, ndipo uandike neno uharibifu. Bila ramani hiyo, andika "mabadiliko" na useme kwa nini.

Ridhaa ya kuandika na kupiga picha usiombe kwa mwenyekiti wa jamii peke yake. Zungumza na wazee wa koo na wanawake, kila upande kivyake, kwani mara nyingi anayesema kwa niaba ya jamii ndiye mwenye jambo la kupata.

Mwisho, simu yako. Picha ya mzinga au pango la tambiko hubeba ndani ya faili nukta za mahali ilipopigwa (GPS). Zima huduma ya mahali kabla ya kuingia msituni, na ukisahau, zifute kwenye faili kabla hujamtumia mhariri. Kuzifuta baada ya kuchapisha ni kazi bure.